Saa 72 kwenye Barabara ya Namanga

Cheti cha Korona kilianza kuzeeka kabla hakijazaliwa. Kuanzia Mei 2021 Tanzania ilimtaka kila msafiri afike mpakani na majibu ya PCR yanayoonyesha kwamba hana virusi, na saa 72 zilihesabiwa tangu kijiti cha pamba kilipotoka puani, si tangu maabara ilipotoa majibu. Ukichukuliwa sampuli Jumatatu asubuhi na majibu yakaja Jumatano usiku, ujue umekabidhiwa karatasi iliyokwisha kula sehemu kubwa ya umri wake katika foleni usiyoiona, ndani ya jengo usilolijua.

Septemba ya mwaka huo nilikuwa nakwenda Arusha, mpwa wangu anaolewa. Kutoka Kitengela, nilikopimwa, hadi Namanga mpakani ni mwendo wa saa mbili na ushei, na abiria wengi huipita njia ile wamelala, vichwa vikigonga vioo. Mimi nami ningelala, lau si dereva mmoja wa mabasi madogo ya Arusha niliyekwenda kumwuliza nauli. "Usingoje majibu hapa," aliniambia. "Yakitoka usiku, asubuhi utagombania gari huku saa zinakatika. Majibu yako kwenye simu, yatakufuata. Wewe sogea mpakani polepole." Nikasogea polepole, na ndivyo nilivyopata kuiona kaunti ya Kajiado.

Kitengela

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukakata kulia pale Athi River na kuviacha nyuma viwanda vya saruji, Kitengela inakupokea kwa maghorofa. Mengine yana watu, mengine yana nondo tu zilizochomoza juu zikisubiri mwenye nyumba apate pesa ya orofa nyingine. Vibao vya ploti zinazouzwa ni vingi kuliko miti. Wazee wa Kimaasai bado wanauita mji huu Noonkopir, na kwa macho yao mji wenyewe ni mgeni. Hadi miaka ya 1980 ardhi hii ilikuwa ranchi ya jamii. Ilipogawanywa na kila familia ikapewa hati yake, madalali wakapata kazi. Kisha eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, likafunguliwa Athi River mwaka 1990, na maelfu ya washonaji nguo wakahitaji vyumba vya kupanga karibu na cherehani zao.

Jirani wa kaskazini ni Mbuga ya Nairobi. Ilitengwa mwaka 1946, ikazungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini ukaachwa wazi ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua kwenda kuzaa kwenye nyika ya Athi na Kapiti, kisha warudi kiangazi kikikaza. Leo mnyama anayetaka kutoka anakutana na seng'enge, kisima, kanisa, na ua wa mtu aliyenunua robo ekari. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kila mwaka kwa hesabu ya ekari ili wasijenge ua wala wasiuze. Umesaidia palipobaki nafasi. Karibu na mji nafasi yenyewe haikubaki.

Maabara niliyokwenda ilikuwa juu ya duka la mabati. Kwenye benchi tuliketi kwa kuachana kiti kimoja kimoja: mfanyabiashara wa mitumba, mwanafunzi wa Kitanzania anayerudi nyumbani, na msichana wa kutoka upande wa Machakos aliyepata kazi za nyumbani Doha. Ndege yake ilikuwa kesho yake usiku. Wakala wake alikuwa akimpigia simu kila baada ya dakika chache, na kila mara msichana alijibu maneno yaleyale: "Bado sijaitwa, auntie." Nilipotoka, yeye alikuwa bado anatazama mlango wa ndani.

Kuchukuliwa sampuli ni jambo la sekunde chache na machozi mawili matatu. Kijiti kinapita puani hadi kinapogusa nyuma ya koo, kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji maalumu, na kichupa kinawekwa ndani ya sanduku la barafu. Safari huanzia hapo. Kichupa kinangoja wenzake, sanduku linangoja pikipiki, pikipiki inangoja foleni ya magari ya barabara ya Mombasa. Huko Nairobi mashine hufanya kazi yake kwa saa chache, ikipasha joto na kupoza, kupasha na kupoza, mpaka chembe ya virusi, kama ipo, iwe imenakiliwa mara nyingi kiasi cha kuonekana. Lakini sahani ya mashine nyingi ina vishimo 96, na hakuna mwenye maabara anayependa kuiwasha kwa ajili ya pua tatu za Kitengela. Basi hata sahani inangoja ijae.

Jioni nilikula mutura kando ya barabara, pale matatu zinapogeuzia. Utumbo uliojazwa nyama na damu unageuzwa juu ya makaa mpaka ngozi ipasuke, unakatwa vipande juu ya ubao, kachumbari juu yake na chumvi pembeni. Watu husimama kulizunguka jiko, kila mmoja akichukua kipande chake kwa kidole na kuhesabiwa na muuzaji kwa kumbukumbu tu. Barakoa zote zilikuwa kidevuni. Saa tatu usiku muuzaji akaanza kuzima makaa, maana kafyu ilikuwa saa nne.

Isinya

Kesho yake nilipanda Probox, tukabanwa kwa wingi ambao Wizara ya Afya isingeufurahia. Baada tu ya Kitengela dereva akanionyesha kwa kidevu mahali palipokuwa na kizuizi mwaka 2020. Aprili ya mwaka ule serikali iliifunga Nairobi na viunga vyake, na Kitengela ikahesabiwa ndani ya Nairobi pamoja na Ongata Rongai, Kiserian na mji wa Ngong. Sehemu iliyobaki ya Kajiado ikawa nje. Mtu mwenye duka Kitengela na mama yake Isinya alikaa miezi mitatu bila kumwona mama huyo, hadi Julai. Dereva alisema mboga zilivuka, maana chakula kiliruhusiwa, na kwamba hajawahi kuona sukuma wiki nyingi zilizosindikizwa na watu wengi kiasi kile.

Isinya ni mji wa upepo. Nyumba ni fupi, mabati yamewekewa mawe, na mabanda ya plastiki ya mashamba ya maua yanang'aa kwa mbali. Kinachokushika jicho ni chuma: hapa pana kituo kikubwa cha umeme, na kutoka hapa zimesimamishwa nguzo za njia ya kilovolti 400 ya kuiunganisha Kenya na Tanzania, kupitia Namanga na Arusha hadi Singida. Zilinifuata upande mmoja au mwingine wa barabara karibu safari nzima. Nyaya hizo zikishakamilika, nilifikiri, umeme utavuka bila mtu kuuliza unatoka wapi na ulipimwa lini.

Nilikunywa chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani mpaka ikawa nyekundu, nikaitazama simu, sikuona kitu, nikaendelea.

Kajiado mjini

Baada ya Isinya nchi inafunguka. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi unaachia nafasi udongo mwekundu, vichuguu vinaanza, migunga inatawanyika, na vimbunga vidogo vya vumbi vinakimbia tambarare kisha vinapotea bila sababu. Mwezi ule ukame ulikuwa umekaza. Siku chache kabla, tarehe 8 Septemba, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la taifa. Niliona ng'ombe waliolala kando ya lami kwa namna ambayo huwezi kujua kama wamepumzika.

Kajiado ni makao makuu ya kaunti, lakini hauna haraka ya makao makuu. Reli inaukata: ni tawi linalotoka Konza kwenda Magadi, lililojengwa na Waingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwa ajili ya kubeba magadi kutoka ziwani. Nimekuwa nikikutana na watu wengi wanaodhani Magadi ni safari ya upande wa Ngong tu. Reli imeijua njia ya Kajiado tangu zamani, na bado mabehewa ya magadi hupita hapa.

Nilipata chumba safi nyuma ya stendi, na jioni nikaketi nje na mzee aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kwa miaka mingi. Shuka yake ilikuwa nyekundu yenye mistari ya buluu, na fimbo aliilaza mapajani. Watoto wa mwenye nyumba walipokuja kumsalimia, waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, naye akavigusa kwa kiganja. Wakati mtaa mzima ulikuwa umejifunza kusalimiana kwa kiwiko, salamu hii haikuwa imebadilika. Akanigeukia.

"Wewe kijana, wanasema unangoja karatasi."

Umri wa kuitwa kijana ulinipita zamani, lakini mbele yake nikaukubali. Nikamweleza habari ya saa 72. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama karatasi hiyo ina picha yangu. Nikasema haina, ila ina mraba wa vidoa vyeusi ambao askari huusoma kwa simu.

"Mimi nimeuona mpaka huu ukifungwa kabisa," alisema. "Sio kwa ugonjwa. Kwa hasira."

Alikuwa akisema juu ya mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inavunjika, Kenya na Tanzania zikigombania ndege, reli na madeni, Mwalimu Nyerere aliufunga mpaka Februari ya mwaka ule. Magari ya watalii kutoka Kenya yaliyokuwa upande wa pili yalizuiwa hukohuko. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Nikamwuliza mzee ng'ombe wake walifanyaje kwa miaka yote hiyo. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Ng'ombe walikuwa na kiu, kijana."

Hapa ndipo historia ya barabara hii inapokaa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari unaoanzia pwani kwenye mto Umba na kwenda hadi ziwa la Nyanza, ukipinda tu kuuzunguka Kilimanjaro. Wamaasai hawakuwa mezani. Kisha upande wa Waingereza zikafuata hati za 1904 na 1911, ambazo kwazo walitolewa Bonde la Ufa na baadaye Laikipia na kusukumwa kwenye hifadhi ya kusini, yaani huku. Baadhi yao walikwenda mahakamani mwaka 1913, na mahakama ikasema mambo hayo ya mikataba hayaihusu. Kwa hiyo ukoo mmoja ukajikuta na malisho ya kiangazi katika koloni moja na ya masika katika jingine. Mtu wa Kajiado anapozungumzia mpaka, anazungumzia kitu kilichopitishwa katikati ya boma lake na wageni waliokwishaondoka.

Mzee hakuwa na chuki nao. Alitaka kujua zaidi kama ni kweli kwamba kijiti kinafika ubongoni. Nikamhakikishia kuwa hakifiki.

Ilbisil

Wengi huandika Bissil. Ni mji wa barabara moja na mbuzi wengi, na mtu yeyote anayejua njia ya Namanga atakuambia usipite hapa ukiwa umeshiba. Buchari zimepangana, mbuzi wamening'inizwa dirishani, na kila mlango una kijana anayekuita. Unachagua kwa kidole, paja au mbavu, inapimwa mbele yako, inakwenda jikoni. Wakati unangoja unaletewa supu ndani ya kikombe cha bati. Supu ya huku huchemshwa na mizizi na magome ya miti. Niliyokunywa mimi ilikuwa na olkiloriti, na ilikuwa chungu kwanza kisha ikaacha joto tumboni. Wamaasai huiamini kwa kusaga nyama tumboni na kwa kumtia mtu nguvu. Nyama ililetwa juu ya ubao, imekatwa, chumvi imemwagwa pembeni kama kilima kidogo, na ugali mgumu wa kushikia. Mbuzi wa kiangazi hana mafuta, inabidi ufanye kazi kwa meno, lakini ladha ya nyasi kavu na moshi imo yote. Sijakula mbuzi wa namna hiyo Nairobi, na bei ya Nairobi ilikuwa karibu mara mbili.

Meza ya pili walikaa wafugaji watatu waliotoka mnadani wakiwa hawakuuza. Bei zilikuwa zimeanguka, maana kila mtu alikuwa anauza ng'ombe yuleyule mwembamba. Mmoja wao alikuwa na mifugo tayari upande wa Tanzania, kwa shemeji yake, ambako alisema majani bado yapo kidogo. Nikamwuliza kama vijana wanaochunga huko walipimwa Korona kabla ya kuvuka. Walitazamana.

"Wapimwe na nani?" akasema. "Hofu yetu si pua. Hofu yetu ni mnada."

Nilijua anachosema. Oktoba 2017, kiangazi kingine, serikali ya Tanzania ilikamata ng'ombe 1,325 wa Wamaasai wa Kajiado waliovuka kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Wiki chache baadaye, huko Namanga, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto, kwa maelezo kwamba vingeweza kuleta mafua ya ndege. Habari ya vifaranga ilizunguka dunia. Ya ng'ombe ilibaki kwenye maboma, na huko inasimuliwa hadi leo kwa majina ya ng'ombe mmoja mmoja. Kwa wafugaji hawa, suala la kupimwa na kuthibitishwa uzima kabla ya kuvuka halikuletwa na Korona. Lilianzia kwa mifugo, na adhabu yake waliikuta kwenye mizani ya mnada.

Nikamaliza supu ya pili. Simu ilikuwa na mtandao mzuri kabisa na haikuwa na ujumbe wowote. Nilipopiga maabara, sauti iliniambia kwa upole kuwa majibu "yako kwenye mfumo yanashughulikiwa."

Namanga

Kutoka Ilbisil barabara inanyooka na mlima unaanza kukua mbele yako. Ol Doinyo Orok, mlima mweusi, unafika mita 2,500 na zaidi, na kwa Wamaasai ni mahali patakatifu. Kichwa chake kilikuwa na wingu wakati chini kila kitu kimekauka. Mji wa Namanga umejibanza miguuni pake, nusu Kenya nusu Tanzania. Kushoto inachepuka njia ya Amboseli. Kabla hujashusha mguu garini, akina mama wa Kimaasai wamekwishakuzunguka, shanga mikononi hadi viwiko, wakitaja bei kwa Kiswahili, Kiingereza, na, niliposita, kwa Kifaransa. Wao huvuka huku na huku siku nzima wakifuata mabasi, na sikuona yeyote akiwauliza cheti.

Malori yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kwa urefu wa kutosha kuchosha miguu. Hata hivyo, kila niliyezungumza naye alisema kwamba hayo si kitu. Mwaka 2020 ndio ulikuwa mwaka. Tarehe 16 Mei Kenya iliufunga mpaka wa Tanzania kwa abiria, ikaacha mizigo tu, na kila dereva akatakiwa kupimwa na kuonekana hana virusi ndipo apite. Sampuli za hapa zilikuwa zikipelekwa Nairobi. Madereva wakalala chini ya matrela siku nyingi, wakipika kwenye majiko ya mkaa, wakila pamoja, wakichangia vyoo vichache, yaani wakifanya kila kitu ambacho kingemwambukiza aliyefika akiwa mzima.

Halafu majibu yenyewe yakaanza kubishaniwa. Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu zake mwishoni mwa Aprili, na tarehe 3 Mei Rais Magufuli alikuwa amesema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikarudi na Korona. Upande wa Arusha ukasema madereva waliokataliwa na Kenya walipopimwa tena walionekana wazima. Dereva mmoja, mwili mmoja, majibu mawili, kila moja na bendera yake. Mwezi huohuo mawaziri wa uchukuzi, James Macharia wa Kenya na Isack Kamwelwe wa Tanzania, walikutana hapahapa Namanga wakakubaliana kila nchi iwapime madereva wake kabla hawajaondoka nyumbani. Agosti ugomvi ukahamia angani: Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi zilizoruhusiwa kuingia, nayo Tanzania ikazizuia ndege za Kenya hadi katikati ya Septemba. Cha kuchekesha ni kwamba siku ya kwanza ya Desemba 2018, marais haohao wawili, Kenyatta na Magufuli, walikuwa wamesimama Namanga kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani, kilichojengwa ili gari lisimame mara moja tu.

Nilikutana na dereva wa Kitanzania aliyekaa kwenye kivuli cha lori lake tupu. Alikuwa ameleta Nairobi vitunguu vya Mang'ola. Cheti cha madereva, kwa makubaliano ya nchi za Afrika Mashariki, kiliishi siku 14, na chake kilikuwa kimekufa wakati lori likitengenezwa injini Athi River. Akatoa sampuli nyingine, akawa anangoja. Alikuwa akiijua hali hii vizuri kiasi kwamba alikuwa na kiti chake cha kukunja.

"Wewe umelipa maabara binafsi, kaka," alisema, bila lawama. "Za kwenu zinakuja kwa simu. Za kwetu zinakuja kwa orodha."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa mbili usiku, nikiwa nakula chapati na maharage, simu ikatoa mlio. Sina virusi. Ujumbe ulikuja na kiungo cha Trusted Travel, mfumo uliosimamiwa na Afrika CDC ili vyeti vihakikiwe kwa msimbo na walaghai wakose kazi. Nikakimbia kutafuta mahali pa kuchapisha kabla ya kafyu. Mwenye duka la kompyuta alikuwa amefunga, lakini anaishi nyuma ya duka, na alinifungulia akiwa amevaa kanzu ya kulalia. Hakuuliza ninataka nini. Alinyoosha mkono, akachukua simu yangu, akachapisha nakala mbili. "Moja wataibakisha," alisema. Ukutani alikuwa amebandika bei tatu: kitambulisho, fomu ya mahindi, Korona.

Alfajiri nikarudi kumuaga yule dereva. Orodha ilikuwa haijatoka. Akapanda ndani ya lori, akashuka na boksi la viatu.

"Mke wangu ana mgahawa Longido, pale mabasi yanaposimama. Nilinunua Kitengela, vya shule. Nilitaka binti yetu afike navyo shuleni Jumatatu, na leo tayari ni Alhamisi. Mpe tu, atakujua kwa boksi."

Mpangilio wa kituo cha pamoja ni kwamba unashughulikiwa kwenye nchi unayoingia, kwa hiyo nilitoka Kenya nikiwa nimesimama Tanzania, mbele ya afisa Mkenya aliyekaa hatua chache tu kutoka kwa mwenzake Mtanzania. Huyo wa pili, mama wa makamo mwenye miwani, aliitwaa karatasi yangu akahesabu kwa vidole kuanzia Jumatatu saa tatu asubuhi. "Umebakiza saa moja na nusu," alisema. "Hongera." Kisha akanielekeza kwenye dirisha la pembeni, ambako nililipa tena, nikaingizwa kijiti tena, cha kipimo cha haraka, nikaketi kwenye benchi kungoja robo saa. Ubavuni alikaa yule mwanafunzi wa maabara ya Kitengela. Yeye alikuwa amefika usiku uliopita kwa basi, majibu yake yakachelewa, akalala ofisini kwa mlinzi. Tulitoka wote wazima.

Longido

Ni chini ya nusu saa baada ya mpaka. Mlima wa Longido uko pembeni, mbele Mlima Meru unaanza kuonekana kama hewa ni safi, na siku hiyo haikuwa safi. Basi lilisimama kwa dakika tano. Nilimkuta mama huyo akimimina uji, nikanyanyua boksi, naye akalitambua kweli, maana mumewe alikuwa amekwishapiga simu.

Alilifungua palepale, akatoa kiatu kimoja, akakigeuza kutazama namba chini ya soli, kisha akamwita binti yake aliyekuwa anaosha vikombe. Msichana akaingiza vidole, kisigino kikabaki nje.

"Huyu baba anadhani mtoto bado yuko chekechea," mama akasema, na wateja wakacheka. Akalitikisa boksi, risiti ikaanguka. "Shemeji, unarudi lini Kenya?"

Nikasema baada ya harusi, wiki ijayo, nikishapimwa tena, maana Kenya nayo ilitaka cheti kisichozidi saa 96.

"Basi utapita Kitengela. Namba thelathini na tatu. Vyeusi, vya kamba, si vya kubandika." Akavirudisha viatu ndani ya boksi, akakunja risiti, akaiweka juu yake, akanikabidhi pamoja na kikombe cha uji. Konda alikuwa anapiga ubavu wa basi. Niliunywa uji nikiwa nimesimama, ulikuwa wa ulezi na wa moto sana, nikapanda na viatu vyangu kwenda Arusha.